Gripu nene haikunyoosha mpira: uchambuzi wa kisa kimoja

Mchezaji wa gofu anapiga kwa mkono wa kulia, handikapu yake (kipimo cha uwezo wa mchezaji, ndogo ikiwa bora) ni 14, na kwa misimu miwili fimbo zake za chuma zimekuwa zikimpeleka kushoto. Mpira unaanza karibu na mstari wa shabaha, halafu ukifika katikati ya safari unajikunja na kuangukia kushoto mwa grini, eneo la nyasi fupi lenye shimo. Akapewa ushauri ambao karibu kila mcheza gofu ameusikia: gripu (raba ya kushikia fimbo) nyembamba huiachia mikono uhuru mwingi, mikono ikageuka upesi na kuufunga uso wa fimbo, yaani kuuelekeza kushoto, basi weka gripu nene. Akabadilisha fimbo zote 13, akabakiza ya kuputi tu, ile ya kusukumia mpira shimoni. Hakupita saizi ya kati. Aliruka kutoka ya kawaida moja kwa moja hadi jumbo, iliyo nene kuliko ya kati.

Wiki sita baadaye mambo yakawa hivi. Chuma namba 7 bado kilipeleka mpira kushoto, ila si kila mara. Mipira mingine sasa ilisukumwa kulia bila kujikunja kabisa. Weji, fimbo za mapigo mafupi, zilienda kulia zaidi kuliko fimbo nyingine zote. Umbali ulipungua kiasi kwamba alikuwa anatoa namba 6, ambayo hupeleka mpira mbali zaidi, pale alipozoea namba 7. Na chini ya dole gumba la mkono wa kulia kulikuwa na maumivu yasiyokuwepo kabla.

Kisa hiki ni cha mfano: kimekusanya mahali pamoja makosa ambayo fundi wa fimbo hukutana nayo tena na tena. Tumekichagua kwa sababu ushauri aliopewa mchezaji una ukweli ndani yake, na ukweli nusu ndio unaogharimu watu gripu 13 kwa mkupuo.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maneno mawili. Gripu ni ile raba inayovishwa kwenye shafti, yaani mti wa fimbo. Mshiko ni namna mikono inavyoikamata raba hiyo. Watu huyachanganya, na kuchanganya huko ndiko kulikozaa kisa hiki.

Kilichoonekana mezani

Kipimo cha kwanza ni urefu wa mkono, kuanzia mkunjo wa kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Huyu ana sentimita 21.3. Kwenye chati zinazotumika sana, gripu ya kawaida ni ya mikono ya sentimita 17.8 hadi 22.2, ya kati ni 21 hadi 23.5, na jumbo ni zaidi ya 23.5. Mkono wake uko pale ambapo saizi ya kawaida na ya kati zinapishana. Jumbo haikumhusu hata kidogo.

Chati ni mwanzo tu, kwa sababu watu wawili wenye mikono ya urefu mmoja wanaweza kutofautiana sana kwenye vidole. Jaribio linalofuata ni la vidole vyenyewe. Mkono wa juu, yaani wa kushoto kwa huyu, unashika fimbo kama kawaida. Ncha za kidole cha kati na cha pete zinatakiwa ziguse kidogo tu nyama iliyo chini ya dole gumba. Zikizama kwenye nyama, gripu ni nyembamba. Zisipofika, ni nene. Kwa jumbo, kidole chake cha pete kiliacha mwanya wa milimita 6, na kidole cha mwisho kilikuwa kinaelea, hakishiki kitu.

Glovu nayo ilitoa ushahidi. Ilikuwa na raundi chache tu na tayari imetoboka kwenye kisigino cha kiganja. Hapo hutoboka pale fimbo inapolala kiganjani badala ya vidoleni na kusugua kila inaposhuka. Gripu nene kupita kiasi husababisha hilo moja kwa moja, maana vidole visivyoweza kufunga huacha fimbo ipande kiganjani.

Lakini kitu chenye manufaa kuliko vyote mezani kilikuwa chuma namba 4 cha akiba, ambacho hakikubadilishwa gripu. Hapo tuliikuta gripu ya zamani kama ilivyokuwa siku mpira ulipokuwa ukienda kushoto. Raba ilikuwa inang'aa na imekauka, ngumu kama kwato. Alama ya dole gumba la kushoto ilikuwa imechimbika, na haikuwa juu ya shafti wala kulia kidogo. Ilikuwa imekwenda kulia kabisa, karibu ubavuni. Chini yake, mahali pa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kulikuwa na doa jeusi la jasho lililokolea kuliko sehemu nyingine yoyote. Kalipa, kifaa cha kupimia unene, ilisoma milimita 22.4 kwa sentimita 5 kutoka mwisho wa juu. Gripu ya kawaida ikiwa mpya husoma takriban 22.9 hapohapo.

Alama hizo zinasomeka. Dole gumba lililo ubavuni linasema mkono wa juu umegeuzwa sana kulia, mshiko ambao wenyewe hufunga uso wa fimbo mikono inaporudi katika hali yake ya kawaida wakati wa kugonga. Doa jeusi linasema mkono wa kulia ulikuwa unakaza. Raba iliyokauka inasema kwa nini ulikuwa unakaza: ilikuwa inateleza. Kwa hiyo mpira uliojikunja kushoto ulikuwa na sababu tatu, na unene wa gripu ulichangia sehemu ndogo tu, ile nusu milimita iliyoliwa na matumizi na labda kidogo zaidi.

Unene unafanya nini hasa kwenye swingi (mwendo wa kupiga)

Kitovu cha uzito cha kichwa cha fimbo hakiko kwenye mstari wa shafti, kiko pembeni yake. Fimbo inaposhuka, na hasa mpira unapogongwa nje ya katikati ya uso, kichwa kinataka kujizungusha kwenye mhimili wa shafti. Kinachokizuia ni msuguano wa mikono ukizidishwa kwa nusu kipenyo cha gripu. Gripu ya kati ni nene kuliko ya kawaida kwa takriban milimita 1.6, jumbo kwa takriban 3.2. Ukikokotoa kwa kipenyo cha 22.9, mkono uleule ukikaza kwa nguvu ileile unapata uwezo wa kuzuia mzunguko kwa asilimia 7 zaidi kwenye gripu ya kati na asilimia 14 kwenye jumbo. Hiyo ndiyo faida halisi ya unene: inamruhusu mtu alegeze mkono bila fimbo kumgeukia.

Faida hiyo ina mpaka. Vidole vina nguvu zaidi vikiwa vimejikunja kiasi cha kati. Vikifunguka sana hupoteza nguvu, na huyu wetu kwa jumbo alikuwa amevifungua sana. Alichopata kwenye nusu kipenyo alikipoteza kwenye vidole, akarudi kukaza. Misuli inayokunja vidole iko kwenye kigasha, na kano zake zinapita kwenye kifundo cha mkono. Ikikakamaa, kifundo kinakuwa kigumu, hakikunjiki vya kutosha fimbo inapopanda, wala hakiachii fimbo inaposhuka. Umbali ulipotelea hapo.

Sasa lile kosa la pande mbili, mpira kwenda mara kulia, mara kushoto. Kifundo kigumu kinachelewa kuurudisha uso, mpira unasukumwa kulia. Mchezaji akiona hivyo mara mbili, mkono wa kulia unaingilia kati na kuupindua uso kwa makusudi, mpira unakwenda kushoto. Na kumbuka mshiko wake bado ulikuwa umegeuzwa vilevile, kwa sababu hakuna aliyeugusa. Gripu nene ilipingana na mshiko badala ya kuurekebisha, na kila swingi ikawa mashindano kati ya hivyo viwili. Kwa maoni yetu hali hii ni mbaya kuliko ile ya mwanzo. Mchezaji anayejua mpira wake utaenda kushoto anaweza kulenga kulia. Asiyejua utaenda wapi hana pa kulenga.

Kanuni ya "nyembamba ni kushoto, nene ni kulia" ni mwelekeo, si sheria. Wapo ambao gripu nyembamba huwafanya wakaze hadi vifundo vife, mipira yao ikaenda kulia. Wapo ambao gripu nene huwalegeza, uso ukafunga vizuri zaidi. Kinachoamua ni mtu huyo anafanya nini na nguvu ya kukaza, na hilo hulijui mpaka apige.

Uzito ambao hakuna aliyeupima

Gripu ya kawaida ya zamani ilikuwa na gramu 50. Jumbo zilizofungwa zilikuwa na gramu 78. Hizo gramu 28 zote ziliongezeka mikononi, si kichwani. Kwenye mizani ya uzito wa swingi (jinsi kichwa kinavyohisiwa kuwa kizito), ambayo hupimia fimbo ikiwa imeegemea sentimita 35.6 kutoka mwisho wa juu, kila gramu 4 hadi 5 zinazoongezwa kwenye gripu hushusha pointi moja. Chuma namba 7 kilichokuwa D2 kilishuka pointi sita, hadi C6 (kila herufi ina pointi 0 hadi 9).

Kichwa hakikupungua hata gramu, ila mikono haikihisi tena kama zamani. Wachezaji wengi wakishindwa kuhisi kichwa huharakisha kuanza kushuka, na hilo pekee linaweza kupeleka mpira popote. Kurudisha pointi sita kungehitaji takriban gramu 12 kichwani, kwa kuwa kule gramu 2 zinatosha kwa pointi moja. Hatushauri njia hiyo. Fimbo inakuwa nzito jumla, na shafti itajikunja tofauti. Ni rahisi kuchagua gripu isiyo nzito.

Kujaribu fimbo moja kwanza

Fimbo nyingine 12 ziliachwa kama zilivyo. Kilichoguswa ni chuma namba 7 tu, kwa mipangilio mitatu, kila mmoja ukitumia gripu mpya ya kawaida ya gramu 50. Wa kwanza, gripu ikiwa tupu, bila tepu ya kuongeza unene. Wa pili, tabaka nne za tepu ya karatasi ndani ya gripu, kuanzia juu hadi chini, ili kufika karibu na saizi ya kati. Wa tatu, tabaka mbili urefu wote na tabaka mbili zaidi chini ya mkono wa kulia peke yake.

Mpangilio wa tatu unahitaji maelezo. Gripu ya kawaida inachongoka: inapungua unene kadiri inavyoshuka. Mkono wa chini kwa hiyo unashika sehemu nyembamba, na kwa mtu ambaye mkono wake wa kulia ndio mkorofi, huo ndio mkono unaohitaji kujazwa. Ukipunguza mchongoko, mkono wa kulia unatulia bila kuunyima mkono wa kushoto uwezo wa kufunga vidole.

Gripu za majaribio zilivishwa kwa hewa ya kompresa juu ya tepu ya karatasi, bila gundi, ili zivuliwe na kurudishwa siku hiyohiyo. Anayefanya hivyo avae miwani ya kazi na aizungushie gripu mkono wakati wa kupuliza, kwa sababu raba iliyojazwa hewa pasipo kizuizi huvimba upande mmoja na inaweza kupasuka.

Mchezaji alipiga mipira 12 kwa kila mpangilio, mitatu ya kwanza isihesabiwe, na hakuambiwa ameshika upi. Uso wa fimbo ulipuliziwa poda ya miguu ili alama ya mpira ionekane. Hili watu hulipuuza na ni kosa kubwa: mpira uliogongwa kwenye ncha ya fimbo unaweza kujikunja kushoto kwa sababu ya mahali ulipogongwa tu, na ukiuhesabu utailaumu gripu bure. Kilichoandikwa ni mahali mpira ulipoanzia, ulikojikunjia, alama ya poda, na namba ambayo mchezaji mwenyewe alitoa, kati ya 1 na 10, kueleza alivyokaza.

Gripu tupu mpya ilipunguza kujikunja kushoto papo hapo, kabla ya unene wowote kuongezwa. Raba inayonata ilitosha kumlegeza kutoka 8 hadi 6. Tabaka nne urefu wote zilimpa mipira iliyonyooka zaidi, lakini mitatu ilisukumwa kulia, na jaribio la vidole lilionyesha mwanya mdogo. Mpangilio wa tatu ulimfikisha kwenye 5, alama za poda zikakusanyika katikati, na mipira tisa yote ikabaki ndani ya upana wa grini. Bado ilikuwa inajikunja kushoto kidogo, kama inavyotarajiwa kwa mshiko ule.

Ndipo mshiko ukaguswa. Mkono wa juu ulirudishwa kushoto hadi vifundo viwili vya vidole vionekane anapotazama chini, badala ya vitatu na nusu. Hatua hii iliachwa mwisho kwa makusudi, kwa sababu ukibadilisha gripu na mshiko kwa wakati mmoja hutajua kipi kimefanya nini.

Kufunga seti nzima

Kazi ilianza kwa kukata jumbo kwa kisu chenye ncha iliyopinda, ukivuta kuelekea mbali na mwili. Kwenye shafti za grafaiti kisu hakizami. Ncha ikigusa nyuzi zake umeidhoofisha shafti. Tepu ya zamani ilitolewa yote, kwa sababu mabaki ya unene wa robo milimita yanavuruga hesabu ya tabaka. Kisha kila shafti ilipimwa kwa kalipa. Nyingi zilisoma milimita 15.2, ila ya draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, ilisoma 15.7. Gripu ileile juu ya shafti hizo mbili hutoa unene wa nje tofauti kwa nusu milimita, kwa hiyo draiva ilipunguziwa tabaka. Lengo ni unene wa nje ulingane. Idadi ya tabaka haihitaji kulingana.

Tabaka moja ya tepu ya karatasi huongeza kati ya milimita 0.25 na 0.4 kwenye kipenyo, kutegemea tepu. Pima yako kabla ya kuanza. Usiamini namba ya mtu mwingine. Tepu ilibandikwa kwa urefu wa shafti, maungio yakipishana pande mbili ili kusitokee tuta. Zile tabaka mbili za chini zilianza sentimita 11 kutoka juu, ya pili ikianza sentimita moja chini ya ya kwanza ili mpando uwe wa polepole. Kanuni za vifaa za R&A na USGA, wasimamizi wa kanuni za gofu, zinaruhusu gripu kuchongoka, lakini haziruhusu uvimbe wala kiuno, na kwa fimbo zote isipokuwa ya kuputi gripu lazima iwe ya duara. Tabaka zikiishia ghafla, au zikiwa nyingi hadi chini kunenepa kuliko juu, umetengeneza uvimbe. Baada ya kufunga, kalipa ipitishwe kila sentimita 2, na kila namba iwe ndogo au sawa na iliyotangulia. Tabaka ziliishia sentimita moja kabla ya mdomo wa gripu ili tepu isichungulie.

Juu ya hayo ikaja tepu ya gundi pande mbili, ncha yake ikakunjwa na kusukumwa ndani ya tundu la shafti. Shafti ikabanwa kwenye jiliwa katikati ya kibanio cha raba. Waiti spiriti, kimiminika cha kuyeyushia rangi, ikamiminwa ndani ya gripu huku tundu la kifuniko limezibwa kwa kidole, ikatikiswa, ikamwagwa juu ya tepu, na gripu ikasukumwa kwa mwendo mmoja bila kusita. Ukisita katikati, imenasa.

Kosa linaloharibu seti nyingi hutokea sekunde chache baadaye. Gripu ikishafika mwisho, fundi anaivuta chini ili inyooke. Raba ikirefuka inakuwa nyembamba, na kila fimbo ikivutwa kwa kiasi chake, mchezaji anapata saizi 13 tofauti ndani ya mfuko mmoja. Dawa yake ni kuweka alama kwenye shafti kabla, kwa urefu wa gripu ikiwa imelala mezani, na mdomo wa gripu usivuke alama hiyo.

Tepu ya karatasi hunywa waiti spiriti, ndiyo maana gripu yenye tabaka nyingi huchelewa kukauka. Saa mbili tatu zinazotosha kwa gripu tupu hazitoshi hapa. Seti iliachwa usiku kucha. Fimbo ikipigwa mapema, gripu inajizungusha kidogo kidogo, na tepu iliyolowa inajikunja ndani na kuwa tuta ambalo halitoki tena.

Baada ya mwezi mmoja

Uzito wa swingi ulirudi hadi D1, kwa kuwa tepu nayo ina gramu zake chache. Namba 7 ilirudisha umbali wake. Maumivu ya dole gumba yaliisha, na glovu haikutoboka tena kwenye kisigino. Mpira bado unaelekea kushoto siku ambazo mshiko unajirudia wenyewe, na hilo ni la mazoezi na mwalimu, halina tepu. Gripu zinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kila baada ya raundi chache, na zitabadilishwa kila mwaka au kila raundi 40, ili asirudi kukaza raba iliyokufa.

Weji mbili fupi zilibaki na tatizo dogo la mpira kujikunja kushoto kwenye mapigo ya nusu. Chanzo kilikuwa kwamba anazishika chini, sentimita 3 hivi kutoka mwisho, ambako mikono yote miwili inaangukia sehemu nyembamba zaidi ya gripu. Kwenye hizo mbili tepu iliongezwa tabaka moja kuanzia sentimita 7 kutoka juu, kalipa ikapitishwa upya, na vidole vikapimwa pale anaposhika kweli badala ya mwisho wa fimbo.